Mnara Niliouziba Mdomo

Kosa ni langu. Msinitafutie kisingizio, maana vyote nimeshavijaribu mwenyewe na hakuna hata kimoja kilichonikaa.

Nimevunja uchumba wa watu kwa sababu ya mchezo wa kompyuta. Cheka kama unataka. Hata mimi ningesikia mtu anasema hivyo ningecheka.

Mimi ni mwanamke wa Mpumudde, hapa Jinja, Uganda. Nina kaduka ka fotokopi na kuchapa, na kazi ikipoa natengeneza mchezo wa vita. Nilianza kuutengeneza na afande mmoja wa magereza kule Mbale, nitamwita Okiror. Yeye ni wa kabila la Wateso, mimi Msoga, na Kiingereza chetu kinachoka haraka, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili. Chake cha mafunzo ya uaskari, changu cha madrasa na sokoni. Tukagombana na kuchekana kwa hicho hicho, na mchezo nao ukazungumza Kiswahili.

Kwa asiyejua: kila upande unajenga mji wake, unalima, unaweka jeshi, na hakuna kungojana zamu. Wewe ukiwa bado unajenga ghala, mwenzio yuko njiani anakuja kulichoma. Na kuna majasusi. Hao hawaonekani. Wanapita katikati ya askari wako kama upepo, unashtukia moshi tu. Kitu pekee kinachoweza kuwaona ni mnara wa macho.

Kazi yangu ilikuwa kusawazisha huo mnara. Mwenzangu, usiombe kazi hiyo! Ukiufanya uone karibu, hakuna atakayeujenga, mawe yake yanakwenda bure. Ukiufanya uone mbali, majasusi wanakuwa hawana faida, kila mtu anajifungia nyuma ya ua wake na kulala. Nilipoupunguza, wachezaji wa Jinja wakanitukana. Nilipouongeza, watu wa Mbale wakasema nimegeuza vita kuwa kazi ya kuchunga ng'ombe.

Okiror ndiye aliyepata dawa. Akasema mnara uone mbali, sawa, lakini ukimwona jasusi upige kelele, na kelele hiyo isikike pande zote mbili.

"Dada, askari hapana piga mtu bila kuuliza," aliniambia. "Lazima iseme kwanza, nani huko. Mtu ijue imeonekana."

Akarekodi sauti yake mwenyewe, nzito, ya lindoni. Tukaitia ndani. Wallahi ilikuwa dawa kweli. Mwenye mnara anajua kaingiliwa, mwenye jasusi anajua kaonwa, na kila mmoja ana nafasi ya kufanya jambo. Kwa mara ya kwanza nilimaliza wiki bila kutukanwa.

Sasa balaa likaanzia hapo. Okiror na mdogo wake Simon walikuwa wanacheza upande mmoja, kutoka chumba cha Simon kule Namatala, Mbale. Simon anajenga, Okiror anatuma majasusi. Na huyo afande alikuwa fundi! Mnara ukimpigia kelele anarudi nyuma, anazunguka kwenye bwawa, anaingia upande ambao hukuutegemea. Kila Jumamosi ghala langu linaungua. Wachezaji kwenye kundi letu la simu wanaandika, "Mwenye mizani anapunjwa kwa mizani yake." Wengine wanatuma vicheko tu, mstari mzima wa vicheko.

Mimi nina kiburi, nakiri. Kushindwa na mtu nisiyemjua ningevumilia. Kushindwa ndani ya kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu, mbele za watu, kuliniuma mpaka chakula kikawa hakishuki.

Basi nikauziba mnara mdomo.

Nilitoa toleo jipya, nikasema nimerekebisha mambo madogo madogo. Mnara ulibaki unaona mbali vile vile, ila haukuuliza tena. Aliyeujenga alimwona jasusi kwenye kioo chake, kimya. Mwenye jasusi hakusikia lolote. Nikajipa moyo kwamba sheria ni moja kwa wote, na minara ya Mbale nayo imenyamaza kama ya kwangu. Lakini nani alijua? Mimi peke yangu. Na sikuthubutu kutuma jasusi wangu hata mmoja, nisije nikawafanya waone kwamba minara yao haisemi. Mtu anayejificha hivyo huwa anajua anachokifanya.

Jumamosi ile nilimwacha Okiror aingie mpaka kwenye mlango wa ghala. Yeye anadhani haonekani. Askari wangu wamekaa wanamsubiri. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kulikoni.

Ikawa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Popote anapopita anakuta amengojewa. Ningekuwa na akili ningejiuliza: mtu wa namna hiyo, aliyekuwa hashikiki, atamshuku nani?

Alimshuku aliyekaa naye chumbani.

Simon alikuwa na kazi ya kuleta ndizi Jinja kwa lori. Akifika, anapitia dukani kwangu kuchukua toleo jipya kwenye flashi, maana intaneti ya kwao ilikuwa inasuasua. Tunapiga soga, ananihadithia habari za Khainza, binti wa Busiu aliyemchumbia. Alikuwa na tabia ya kutaja jina hilo kisha atabasamu. Alikuwa rafiki yangu. Narudia, rafiki yangu, kwa sababu neno hilo nililikana baadaye.

Siku moja Okiror akanipigia simu. Hakunisalimu kama kawaida yake.

"Dada, niambie kweli. Simon iko nakupa wewe njia zangu?"

Hapo, ndugu zangu! Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno moja tu, hapana. Lakini angeuliza, basi unajuaje ninakopita? Na mimi ningekosa jibu. Nikamwambia, "Afande, mimi sijui."

Sijui! Kitu ninachokijua kuliko mtu yeyote duniani.

Akakata simu. Baadaye nikasikia kwamba aliichukua kompyuta yake kutoka chumbani kwa Simon, na kwamba Simon aliapa kwa jina la marehemu baba yao, naye hakumsikiliza. Nikasema moyoni, ugomvi wa ndugu hauna maisha, watapatana wenyewe. Nikaendelea na fotokopi zangu.

Hawakupatana. Na siku ya kwenda Busiu kujitambulisha kwa wakwe ikawa imekaribia. Baba yao hayupo, kwa hiyo Okiror, kaka mkubwa, ndiye aliyetakiwa kusimama mbele ya wazee kumsemea mdogo wake. Alikataa. Wazee wa upande wao wakamwita, wakamuuliza ana nini na Simon. Askari wa jela yule, si msemaji. Aliwajibu kwa kifupi.

"Huyu ana mtu Jinja. Mimi hapana simama kwa ajili yake."

Yeye alimaanisha mtu anayempelekea siri. Wazee walielewa vile ambavyo mimi na wewe tungeelewa. Kijana kila mara yuko Jinja, ana mtu Jinja, na kaka yake mwenyewe ndiye anayesema! Maneno yakafika Busiu kabla ya jua kuzama.

Khainza akanitafuta. Namba yangu iko kwenye kibao cha duka, si siri. Sauti yake ilikuwa ya upole, na afadhali angenitukana.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Wewe ni nani kwa Simon?"

Nikaona njia mbili. Nikimwambia ni rafiki, atauliza urafiki wa nini, na Okiror alimaanisha nini, na nitafika kwenye mnara. Nikaona aibu ya kundi zima kunijua. Nikachagua njia nyepesi.

"Ni mteja tu," nikamwambia. "Anakuja kuchapa karatasi. Hata simfahamu vizuri."

Nilifikiri nimemsaidia! Nilifikiri nimemwosha Simon kabisa. Kisha akasema taratibu kwamba Simon alikwisha kumwambia habari zangu, kwamba mimi ni rafiki yake, tunatengeneza mchezo pamoja na kaka yake, na kwamba alitaka nialikwe kwenye harusi.

"Sasa kama hakuna kitu," akaniuliza, "wewe unamkana kwa nini?"

Nilisikia anavuta pumzi, halafu simu ikakatika. Nilimpigia tena na tena, hakupokea. Simon alisema kweli tupu, nami kwa mdomo wangu nikaigeuza kuwa uongo.

Busiu wakarudisha jibu kwamba binti yao hayuko tayari. Hawakueleza zaidi, na hawakuhitaji kueleza.

Wiki kadhaa zikapita ndipo nikapanda gari kwenda Mbale. Sijui nilingoja nini muda wote ule. Nilimkuta Okiror ametoka zamu, tukakaa kwenye benchi nje ya kantini, nikamweleza yote, toka mnara mpaka simu ya Khainza. Hakunipigia kelele. Alivua kofia, akaiweka magotini, akawa anaitazama.

"Simon aliapa," alisema. "Aliapa mbele yangu, mimi nikamwita nyoka."

Akainuka akaniacha pale. Nasikia alikwenda kwa mdogo wake siku ile ile. Simon alimfungulia, akamkaribisha, akampa na chai. Ila mpaka leo akiwa na jambo lake hamwambii, na kwa kaka mkubwa hilo ni zaidi ya kufukuzwa.

Mimi nilifika Namatala kesho yake. Simon alisimama mlangoni, hakunikaribisha ndani, na simlaumu. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Nikalia, nikamwomba radhi, nikamwambia hakuwa na kosa hata chembe. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

"Dada, hayo ungemwambia Khainza," akasema. "Mimi nilikuwa najua kwamba sina kosa. Mimi ndiye ambaye sikufanya."

Nikamwambia nitakwenda Busiu leo hii, nitapiga magoti mbele ya wazee. Akatikisa kichwa. Khainza alikuwa amekwisha kuolewa upande wa Tororo. Walimharakishia ndoa, kufunika maneno ya watu.

Mchezo nimeufuta. Watu wa kundi wanauliza uko wapi, wengine wanadhani mashine yangu imeharibika. Nawaacha wadhani hivyo. Mnaona? Hata hapa sijaweka jina langu. Woga ule ule bado ninao.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu sasa hivi anashukiwa kwa kosa lako, usijidanganye kwamba yatapita. Inuka ukaseme, leo, angali ana cha kupoteza. Mimi nilisema kweli yangu yote, sikubakiza neno, na haikumrudishia mtu kitu chochote.