Soya Yangu na Ng'ombe wa Mama

Jiwe la kwanza lilinitoka nikiwa chooni, Kibondo, nimepiga magoti, mwalimu mzima wa sayansi, nikimwita mama yangu. Maumivu yalipotulia niliingia kwenye simu kujisomea. Jiwe la figo lina kalsiamu. Maziwa yana kalsiamu. Basi mchawi nimempata! Sikuona haja ya kumsumbua daktari kwa jambo ninalolifundisha mwenyewe.

Tatizo lilikuwa mama. Anaishi Murungu, peke yake tangu baba afariki, na alikuwa na ng'ombe mmoja wa uzao wa yule ambaye babu alimtoa nilipozaliwa ili nisikose maziwa. Nimeota mvi, na bado kila Jumapili nilikuta kibuyu changu kimefukizwa na kujazwa. Haniulizi habari za kazi mpaka ninywe.

Nilimweleza, tena kwa kuchora figo mbili mavumbini, kwamba maziwa yake ndiyo yananitengenezea mawe, na nisipoacha yataniua. Aliutazama mchoro kwa adabu. Akauliza kama naweza kunywa kidogo tu. Nikasema hata tone. Akakirudisha kibuyu ndani, nami nikajipongeza kwamba nimemwelimisha mzazi.

Nikahamia maziwa ya soya. Nililoweka, nikasaga, nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa, na kwa kuwa soya tupu ina harufu ya maharage mabichi, nikaongeza karanga. Vikombe vitatu kwa siku, na mchicha kila mlo, kwa ajili ya afya. Mwenye duka mmoja pale sokoni, mtu wa Tanga, alinishauri nitumie tui jepesi la nazi, nikamwona anatafuta wateja tu. Nilijiona msomi kweli kweli.

Kuna Jumapili nilimpelekea mama chupa ya maziwa yangu aonje. Kwake karanga na maziwa havikutani: aliyekula karanga hagusi kibuyu siku hiyo, ng'ombe asije akakauka. Aliinusa chupa, akaniomba kwa upole niiweke nje ya uzio. Nilicheka njia nzima kurudi mjini. Kisha ikaja mitihani ya shule, na kwa zaidi ya mwezi sikukanyaga Murungu.

Mitihani ilipokwisha, jiwe la pili likaja na hasira zake. Safari hii walinipeleka hadi Kasulu, nimejikunja kwenye kiti cha nyuma cha gari, natapika kwenye mfuko wa rambo. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Akaniuliza nakula nini na nakunywa nini. Nikamtajia soya, karanga na mchicha, kwa fahari kabisa, hadi nikaona ameacha kuandika.

Alinieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Vyote nilivyovitaja vina chumvi fulani ambayo ikifika kwenye figo hushikana na kalsiamu, ikawa jiwe. Lakini kalsiamu ya maziwa, ukiyanywa pamoja na chakula, huikamata chumvi hiyo tumboni, ikatoka na choo. Kama nataka sana maziwa ya mimea, ya nazi au ya mchele yangenifaa zaidi. Mtu wa Tanga huyo, na sikuwahi hata kumshukuru. Daktari akaongeza kwamba figo yangu ya kushoto imeanza kuvimba, na ninywe maji mengi.

"Mwalimu, una mahali pa kupata maziwa mazuri ya ng'ombe?" akaniuliza.

Nikamwambia ninapo. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Jumapili iliyofuata nilipanda pikipiki asubuhi bila kunywa hata chai, nikiwa na njaa ya yale maziwa. Mama alikuwa anapembua maharage mlangoni. Nilimwambia yote, kwamba nilikosea, kwamba maziwa yake ndiyo dawa. Alifurahi waziwazi kwamba nitapona. Nikaomba kibuyu changu. Hapo akaacha kupembua, na mimi nikageuka kutazama zizi. Lilikuwa limefagiliwa, halina hata jani moja.

"Nilimuuza, mwana wanje, mwanangu," alisema. "Ulisema maziwa yake yanakuua. Ningewezaje kumkatia majani asubuhi, halafu jioni nikuombee wewe upone?"