Shawa ya Afande

Juzi shawa yetu ya umeme ilikufa. Ilitoa moshi kidogo, ikanuka kama nywele zilizoungua, basi. Nikanunua nyingine, nikaita fundi, kijana mmoja wa hapa Jinja mwenye maringo mengi. Kabla hajagusa kitu nikamuuliza, waya ya ardhi iko wapi? Akacheka. "Dada, hayo mambo ya zamani. Wewe maji yakichemka si umepona?" Nilimfukuza, akatoka mbio mpaka akasahau begi lake. Usinilaumu, rafiki yangu. Kaa nikueleze, halafu utaniambia kama nilikosea.

Nimezaliwa Walukuba, hapa hapa Jinja, kwenye zile nyumba za wafanyakazi zinazofanana mpaka mlevi anaingia kwa jirani na kudai chakula. King'ora cha kiwanda ndicho kilikuwa kinatuamsha. Mama tayari yuko nje anapuliza mkaa, uji unatokota, na baba anapanga koleo na bisibisi kwenye mfuko wa ngozi. Baba alikuwa fundi wa umeme. Alijifunza kazi kwenye duka la Mhindi mjini, mpaka Wahindi walipofukuzwa nchini, mwenye duka akaondoka na sanduku moja. Alipenda kusema umeme hauna tofauti na askari aliyelewa: usipomwonyesha njia, anaingia kwako. Mama alikuwa anamfinya akisema hivyo. Kuta za Walukuba zilikuwa nyembamba, na watu walikuwa wanapotea kwa maneno madogo kuliko hayo.

Njia yenyewe ilikuwa fimbo ya shaba, ndefu kama mtoto, inapigiliwa uani na kufungwa waya mpaka bafuni. Umeme ukivuja unakimbilia huko, unafia kwenye udongo.

Sasa, zile nyumba kubwa za Wahindi waligawiwa wanajeshi. Afande mmoja alipata ya karibu na mto, yenye shawa ya umeme bafuni. Shawa ikaharibika. Askari akaja kwetu, hakukaa hata chini, akasema kwa Kiswahili chao cha kambini: "Afande nataka maji moto." Jinja nzima hakuna shawa, madukani kulikuwa na rafu tupu na vumbi. Baba akasema tujaribu Mbale, kwao mama, akanichukua.

Njiani kulikuwa na kizuizi. Wanajeshi walimshusha mzee mmoja kwenye basi letu kwa sababu ya miwani yake, ati ni msomi, wakaikanyaga, wakampiga kwa vitako vya bunduki mpaka akaacha kulia. Basi likaondoka bila yeye. Hakuna aliyefungua mdomo, hata mimi, na mimi sijui kunyamaza. Kwa bibi tulikuta malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, yamekaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga. Kitu kitamu, lakini sahani yangu niliisukuma kando.

Shawa tuliipata kwa Haji mmoja aliyegawiwa duka na kila kilichokuwa ndani, nusu yake hajui ni nini. Alikuwa ameitundika dirishani. "Hii taa imenishinda kuwasha," akamwambia baba. "Ukiiweza chukua." Baba alicheka mpaka akashika kaunta. Haji naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Baba aliifunga kwa heshima zote. Kwanza alifukua kichwa cha fimbo ya nyumba ile uani, akaikuna mpaka ikang'aa, akakaza waya, akaninong'oneza: "Hapa ndipo roho ya afande inakaa." Afande akaoga, akatoka na mvuke kichwani, tukaenda zetu.

Wiki haikuisha. Tulikuwa tunakula jioni, askari wa afande wakapiga mlango teke, na mlango ulikuwa wazi. "Wewe nataka kuua afande na maji?" Baba hakupewa nafasi ya kujibu. Walimpiga mdomoni, tumboni, sufuria ya muhogo ikamwagika, wakampigia humo humo kwenye muhogo. Mimi nilimrukia mmoja, nikamuuma mkono mpaka nikasikia chumvi ya damu. Alinirusha ukutani, jino la mbele likatoka. Baba wakamfungia kwenye buti la gari. Mama akafunga leso kiunoni, akanishika mkono, tukakimbia nyuma yao. Walukuba yote ilikuwa inachungulia. Hakuna aliyefungua mlango.

Getini mama alipita tu kama mwenye nyumba, na mlinzi akatupisha. Baba alikuwa amepigishwa magoti barazani. Afande amejifunga taulo, bega limeungua. Shawa ilikuwa imemrusha chini uchi, akapiga kelele, askari wake wakaja kumwona hivyo. Nadhani hilo ndilo lilimuuma zaidi. "Mkono gani nafunga shawa?" akauliza. Baba akainua wa kulia. Wakauweka kwenye ngazi ya saruji na kuupiga kwa kitako cha bunduki. Mpaka leo sijasikia mlio mwingine kama ule.

Nikageuza uso nisione, ndipo nikaona ua. Mashimo kila mahali. Wanajeshi walikuwa wanaamini Wahindi wameacha dhahabu ardhini, kila nyumba waliyopewa waliichimba kama nguruwe. Na pembeni kulikuwa na moto, na juu ya moto nyama ya mbuzi imechomekwa kwenye chuma kirefu, chekundu.

"Hiyo ni ya baba," nikasema. "Mmeing'oa, mnachomea nyama."

Mafuta yakawa yanadondokea mkaa. Afande akaitazama ile fimbo, akamtazama baba, na baba akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Nani nachimba hii?"

Askari mmoja akaangalia viatu vyake. "Afande, nilifikiri dhahabu. Ilikuwa nang'aa."

Alikuwa yule niliyemuuma.

Afande hakumwomba baba msamaha, usingoje hilo. Alimwambia yule askari avue nguo aingie bafuni, na baba akawashe. Askari akaanza kulia kama mtoto, anaita mama yake. Mimi, kwa moyo wangu wote, nilitaka aingie.

Baba alisimama, mkono umevimba kama mkate. "Hapana, afande." Wakampiga sikio, akaanguka, akasimama tena. "Afande, shawa ikiua mtu na yenyewe inaungua. Na Mbale ilikuwa hiyo moja."

Ulikuwa uongo, rafiki yangu. Shawa inaua na kesho inachemsha maji kama kawaida. Lakini afande alifikiri sana, uso umekunjwa, na nikaona anavyopima: mtu huku, maji moto kule.

"Rudisha chuma yake," akasema.

Wakatoa nyama. Mkono wa baba haukuweza kushika kitu, basi mama akashikilia fimbo kwa leso, ina moto bado, inanuka mbuzi, na yule askari uchi akaipigilia kwa jiwe. Waya niliikaza mimi. Baba alikuwa ananielekeza kwa sauti ndogo, damu inamdondoka: "Zungusha. Tena. Vuta uone kama inatoka." Haikutoka. Tulipofika getini tulimsikia afande anaoga, anapiga mluzi.

Mkono wa baba ulipona umepinda. Hakushika bisibisi tena, na sikio moja likafa. Tangu hapo akawa mdomo, mimi mikono. Shule yangu yote ya umeme ni hiyo.

Afande alikimbia vita vilipokuja, hakubeba hata shawa. Haji hayupo, bibi hayupo, king'ora cha kiwanda kimenyamaza, na asubuhi watu wa Walukuba wanachelewa kuamka. Baba tumemzika Mbale, kwenye udongo mwekundu ule. Kuna siku nikisikia mtu anapiga mluzi bafuni natoka mbio hadi uani, na ni mume wangu tu.

Yule fundi amerudi leo asubuhi kutafuta begi lake. Nikampa jembe na fimbo ya shaba, nikamwonyesha pa kuchimba. Anachimba sasa hivi, namsikia ananung'unika. Acha anung'unike. Akimaliza nitavuta waya mwenyewe nione kama inatoka.