Mkwe Aliyekataa Kutaja Jina

Kanyiva wa Tawa hajawahi kuomba ruhusa ya kukasirika. Alipokuwa na miaka ishirini alimfukuza fundi mlevi aliyekuwa akijengea kikundi chao bwawa la mchanga, ule ukuta wa mawe unaokata mto mkavu ili mvua ikija mchanga ushike maji. Alichukua mwiko wa yule mlevi, akapanda juu ya mawe na kuumaliza ukuta mwenyewe. Tangu siku hiyo watu wanamwita Fundi. Ukuta wenyewe bado upo, na ng'ombe bado wananywa pale.

Mwanamume aliyekuja kumwoa alitokea kaskazini mwa Ulaya. Nchi yake sitaitaja, maana huko wana mawakili wengi kuliko sisi tulivyo na mbuzi. Aliitwa Henrik, na alikuja kupima mabwawa ya mchanga. Siku ya kwanza Kanyiva alimwambia mbele ya wanawake thelathini kwamba hesabu yake ya saruji ni ya mtu asiyejua mto. Henrik aliketi juu ya jiwe, akarudia hesabu, akaona kweli amekosea, akasema hivyo kwa sauti. Kanyiva hakuwa amewahi kumsikia mhandisi akikubali kosa. Hapo ndipo alipoanza kumtazama vizuri.

Cheti walichukua kwa msajili wa ndoa, lakini huku kwetu cheti hata kiwe na mihuri kumi hakikupi mke. Kinachokupa mke ni mbuzi wa ntheo, wanaofunga ndoa kimila. Henrik aliwaleta watatu, akiwavuta kwa kamba mwenyewe, huku mmoja akila mkono wa shati lake. Nyama ilipoliwa, Mzee Kiilu, mjomba wa Kanyiva, alimketisha kando akampa sheria.

"Kuanzia leo mama ya Kanyiva si mtu wa kuangalia angalia usoni," alimwambia. "Mkikutana njiani, wewe ndio unatoka kwa njia. Na jina yake usiweke kwa mdomo. Hiyo tunaita nthoni. Ni heshima."

"Mpaka lini?" Henrik aliuliza.

"Mpaka mmoja wenu azikwe."

Nitasema ukweli: sisi wenyewe tumeilegeza nthoni. Mutisya, aliyemwoa mdogo wake Kanyiva, humpigia mama mkwe simu na kumwita kwa jina kama anaita makanga wa basi. Henrik hakulegeza hata uzi mmoja. Siku moja ya soko alimwona mama mkwe akija upande wake, akajitupa nyuma ya magunia ya pojo na kulala huko kifudifudi mpaka alipopita. Tawa ilicheka wiki nzima. Mama mtu hakucheka. Aliisimulia kanisani Jumapili, amesimama, kama anatoa ushuhuda.

Mwaka wa tatu baba yake Henrik alipooza upande mmoja, na hakuwa na mtoto mwingine wa kumtunza. Henrik akarudi kwao. Kanyiva angemfuata kwa viza ya mke wa mwenyeji. Hakuwa na haja ya Ulaya, alikuwa na haja ya mume wake. Alijaza fomu zote na kupigwa eksirei ya kifua, na picha za harusi akazipeleka, ingawa nyingi zilikuwa za mbuzi.

Waliulizwa maswali siku moja, yeye ubalozini Nairobi na Henrik huko kwao, ili majibu yalinganishwe. Nani hukoroma? Pazia la chumbani ni la rangi gani? Nani hulala upande wa ukuta? Kanyiva alijibu huku moyo unachemka, kwa sababu hakuna mtu wa Tawa angethubutu kumuuliza hayo, hata mlevi. Lakini alijibu yote.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Viza imekataliwa. Mume, barua ilisema, hajui jina la mama wa mkewe, na kwa hiyo ndoa hii inaonekana ni ya kutafutia karatasi. Wangeweza kukata rufaa. Wakishindwa, Kanyiva asingeruhusiwa kuomba tena kwa miaka mitatu.

Kanyiva alikuwa na miaka thelathini na tisa. Yeye na Henrik walikuwa wanataka mtoto, na walikuwa wametengana miezi kumi na minne. Mwanamke wa umri huo huwezi kumwambia angoje miaka mitatu kama anangoja mvua ya Novemba. Alimpigia Henrik mara moja.

"Walikuuliza jina la mama, ukasema nini?"

"Nilisema ni mama ya Kanyiva. Wakataka lile lingine. Nikasema siwezi kulitaja."

"Ukasema huwezi! Wakaandika hujui! Henrik, kwa rufaa si useme tu? Ni jina tu."

"Nilimwahidi mjomba wako."

"Mjomba haishi huko! Nani atakusikia?"

"Mimi nitajisikia," Henrik alisema.

Kanyiva alikata simu. Alimkasirikia mzungu wake, kisha akajikasirikia mwenyewe, kwa kuwa alijua kwamba Henrik angelitaja jina hilo kirahisi, yeye angempenda pungufu kidogo. Watu nao hawakumsaidia. Mchungaji alisema Mungu anaangalia moyo. Mutisya alisema yeye hulitaja kila siku na bado hajafa.

"Wewe hujafa," Kanyiva alimjibu, "lakini ni nani alikuambia unaheshimika?"

Jioni hiyo alimsomea mama yake barua, akiitafsiri kwa Kikamba. Mama aliacha kupepeta mbaazi.

"Wameandika hajui? Huyo mtoto aliyelala kwa vumbi nyuma ya magunia ndiye hanijui?" Aliweka ungo chini. "Mwacha mila ni mtumwa. Wanataka mkwe wangu awe mtumwa ndipo wamwamini. Jina langu nilipewa na baba yangu. Wanaolitaka waniulize mimi."

Rufaa ilisikizwa asubuhi ya Alhamisi, kwa video. Henrik alikuwa huko kwao mbele ya hakimu, na Kanyiva na mama yake walikuwa mjini Wote, katika ofisi ya wakili wao Mbinya, mbele ya skrini moja kubwa. Mbinya alikuwa ameonya kwamba kila shahidi lazima aonekane. Kanyiva alijua shida iliyokuwa inakuja, na hakuwa na la kufanya.

Mama aliitwa, akaketi mbele ya kamera. Papo hapo Henrik alisimama kule upande wa pili, akageuza kiti chake na kuketi akiangalia ukuta. Mama naye alijivutia leso ya kichwani mpaka puani na kutazama dirisha. Hakimu, mwanamke mwenye mvi, alishusha miwani yake.

"Bwana, tafadhali geuka uangalie mahakama."

"Nitajibu kila swali, mheshimiwa," Henrik aliuambia ukuta. "Lakini sitageuka akiwa hapo."

Wakili wa serikali alisema huo ni mchezo wa kuigiza, na kwamba wamefundishana. Mkalimani alipoyatafsiri maneno hayo, Kanyiva alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili ili asisimame. Ndipo hakimu akamuuliza mama jina lake.

"Naitwa Kalunde Ndululu," mama alisema kwa Kiswahili chake cha kanisani, polepole, ili mkalimani asikose hata herufi. "Hiyo jina mlikuwa mnatafuta, niko nayo. Andikeni."

Wakaandika. Wakili wa serikali akainuka tena, safari hii kwa upole.

"Basi si siri tena. Kila mtu humu amelisikia. Bwana, lirudie mara moja tu, na upande wa serikali hautapinga rufaa yako."

Kanyiva aliukazia macho mgongo wa Henrik. Mume wake, mtoto wao ambaye bado hajapatikana, miaka mitatu, vyote vilikuwa vinangoja maneno mawili. Liseme, alimwomba kimoyomoyo. Na papo hapo, kwa nguvu ileile, alimwomba asiliseme.

"Hapana," Henrik alisema.

"Basi mahakama itajuaje kwamba unamfahamu mama huyu?"

"Mumuulize kama nimewahi kumwangalia usoni."

Mama alicheka ndani ya leso. "Hata siku moja! Hawa wakwe wa hapa wananiita kwa simu kama mtoto wao. Huyu peke yake ndio ananiheshimu. Sasa nyinyi mnamnyima mke juu ya heshima? Kwenu mnaheshimiana namna gani?"

Mkalimani alisita, kisha akayatafsiri yote. Hakimu alimwangalia mwanamke aliyefunika uso, akamwangalia mwanamume aliyekuwa bado amewapa mgongo, akafunga faili.

"Karani," alisema, "geuza hiyo skrini na kamera yake, bwana huyu apate kuketi vizuri."

Picha iliyumba, ikatulia kwenye ukuta mweupe na makoti ya watu yaliyotundikwa. Kule wasikokuona walisikia miguu ya kiti ikiburutwa, na Henrik akishusha pumzi. Mbinya alimfinya Kanyiva begani huku akitabasamu, kwa kuwa wakili hujua uamuzi kabla haujaandikwa. Kanyiva alilia waziwazi, kwa hasira na kwa fahari, wala hakuyafuta machozi.

Mama aliteremsha leso.

"Muulizeni kama amekula," alisema.