Neno "stuffy" na madirisha yaliyofungwa

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili: mimi husoma kamusi ya Kiingereza kabla ya kulala, kama wengine wanavyosoma hadithi.

Kwa hiyo leo, kwenye interro, lile jaribio fupi la Kiingereza, nilifurahi kimoyomoyo. Swali la kwanza: eleza neno "stuffy".

Rahisi! Ni hewa nzito ya chumba kisichopitisha upepo. Pia ni mtu mkavu, asiyecheka wala kukubali kubadilika.

Lakini sikuandika.

Nyuma yangu Neema alikuwa akivuta pumzi kwa mluzi. Ana pumu, darasa zima tunajua. Na Prof, mwalimu wetu, alikuwa amefunga madirisha yote, kama kila siku ya mtihani, ili watu wa nje wasitunong'oneze majibu. Ziwa liko pale pale chini ya shule, upepo wake unagonga vioo!

Nikanyoosha mkono. Mimi, ambaye sinyooshi kamwe.

"Prof, Neema hapumui muzuri."

"Anajifanya! Weye ikala chini. Ama munataka kukopia?"

Darasa likacheka. Walicheka, jamani! Midomo ya Neema imebadilika rangi, wao wanacheka.

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini?

Mimi niliacha karatasi tupu. Nikafungua dirisha la karibu, nikamshika Neema mkono, tukatoka. Prof akapaza sauti kwamba nimepata zero.

Tuliketi kando ya ukuta, tukitazama ziwa, mpaka mluzi ule ukatulia.