Kisu cha Wilondja

Mawese yanayochomwa na chuma cha moto hayanuki kama mawese ya sufuriani. Ya sufuriani huita watu kula. Haya mengine hukwaruza koo, hung'ang'ania nywele na nguo, na hata ukienda kuoga ziwani unarudi nayo. Nimekulia ndani ya harufu hiyo, hapa mjini Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatulimisha pamba. Baba yangu alikuwa mhunzi, na kiwanda chake kilikuwa banda la nyasi lililoegemea ukuta wa jiko letu. Mama akisonga ugali wa muhogo upande huu, baba alikuwa akigonga chuma upande ule, na sisi watoto tulijua kwa mlio wa nyundo kama siku hiyo ni ya kucheka au ya kunyamaza. Watu husema utoto ni asali. Wangu ulikuwa na asali yake, sikatai, ila msimu ninaotaka kuusimulia ulikuwa shubiri, na sina nia ya kuutia sukari.

Baba alifua majembe, mashoka na visu vidogo vya jikoni, na hivyo alivifua bila maneno mengi. Kisu kikubwa kilikuwa shughuli nyingine. Hicho ndicho cha kuchinjia mbuzi na kugawia nyama mbele ya watu, na hakikuuzwa sokoni kikiwa tayari. Kilifuliwa kwa ajili ya mtu mmoja, kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Tena kilikuwa na desturi yake, ambayo baba aliipokea kwa babu pamoja na fuawe, chuma anachofulia juu yake. Kisu kikishafuliwa na kunyooshwa bado ni laini. Ukigusa mfupa, makali yanajikunja. Sharti kirudishwe motoni mpaka kiwe na rangi ya chikichi lililoiva, kisha kitumbukizwe kwenye chungu cha mawese, na hapo ndipo chuma kinapokuwa kigumu. Kwetu tulisema kisu kinakunywa. Na anayekinywesha si mhunzi bali mwenye kisu. Yeye hushika koleo, hukizamisha, hutaja jina lake. Akifa kabla ya siku hiyo, mtu wa damu yake hukinywesha kwa niaba yake, na saa hiyohiyo watu hukaa chini, msiba unaanza. Majembe na visu vidogo havikunyweshwa, kwa hiyo mtaani petu moshi wa mawese ulipopanda kutoka kwa baba, kila mtu alijua kuna kisu cha mtu.

Kaka yangu mkubwa, Wilondja, alikuwa amepata mchumba kule Fizi, juu mlimani. Siku ya kwenda kwa wakwe, bwana harusi alipaswa kumchinja mbuzi kwa kisu chake mwenyewe. Aliyeazima kisu alichekwa hadi wajukuu wake. Baba alikuwa ameokota springi ya lori lililovunjikia njiani, chuma kizuri, cheusi, kizito. Akamwita Wilondja alaze mkono juu ya ubao, akaupima kwa kipande cha mkaa. Wilondja alikuwa mtu wa utani. Alisema apimwe na tumbo pia, maana mbuzi yule ataishia humo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko, akanigeukia: "We Riziki, usiangalie kisu sana. Wako ni mwiko." Baba alicheka mpaka akakohoa. Siku chache baadaye Wilondja alipanda lori kwenda Lulimba kuchimba dhahabu, apate cha kuanzia nyumba. Alisema atarudi kabla mvua hazijaisha, na kisu atakikuta.

Baba alikifua taratibu, kama mtu anayekula kitu kitamu na hataki kiishe. Alikirefusha, akakinyoosha mgongo, akakikuna kwa tupa mpaka mistari ya nyundo ikafutika. Mpini alikuwa ameuchonga wa mpera, umekaa pembeni unangoja. Kazi ilipofika mahali pa kunywesha, akakipaka mafuta kisishike kutu, akakifunga kwa jani kavu la mgomba na kukiweka juu ya boriti ya paa. Mvua zilikuwa zimekolea. Ndipo akaja mtu mmoja kutoka Lulimba, akateremka kwenye lori na kuuliza nyumba ya mhunzi. Alikataa kiti. Alisema udongo ulikuwa umeanguka ndani ya shimo, vijana wamefunikwa, na miongoni mwao walikuwamo wa huku ziwani. Majina hakuyajua. Baba mdogo alisafiri kwenda kutazama. Alirudi amekonda, akasema shimo limeachwa vilevile kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulichimbua, na kati ya waliobaki hai kambini Wilondja hakumwona, wala hakuna aliyemwona akiondoka.

Hapo nyumba yetu ikapasuka. Mama alitaka kisu kinyweshwe ili tukae chini tulie. Baba akakataa. Mama alimsihi kwa upole, halafu kwa ukali, halafu kwa kunyamaza, ambako ndiko kulikokuwa kubaya kuliko vyote. Nakumbuka jioni moja ugali ulikuwa mezani na hakuna aliyenawa.

"Baba Wilondja, mutoto alishakufa. Uniache nimulie."

"Mi sijaona maiti. Siwezi kulia mutu mwenye hajafa."

"We unamungoja. Mi nani ataningojea?"

Baba aliinuka. Alitoka, na tukasikia anagonga jembe ambalo lilikwisha kamilika tangu asubuhi.

Nilimchukia baba msimu ule. Nalisema kama lilivyo. Mama alikuwa akikauka mbele ya macho yetu. Hakuweza kulia, kwa sababu kumlia mtu ambaye hajatangazwa ni kumwitia kifo, na hakuweza kufurahi. Akichota maji alisimama mtoni mpaka mtungi ufurike na kummwagikia miguuni. Wanawake waliokuja kumsalimu hawakujua waseme pole au waseme nini, wakaacha kuja. Wazee walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, lakini kwetu kilio chenyewe ndicho kilichofichwa. Kila usiku nililala nikimwomba Mungu ampe baba akili.

Kisha baba akaondoka kwenda Fizi kuuza majembe, safari ya miguu ya kulala njiani. Alipopotea tu barabarani, mama alifunga kanga kiunoni, akaingia kiwandani. Mwanamke hakuruhusiwa kugusa moto ule. Mimi mwenyewe nilikatazwa hata kuvuka kizingiti. Akawasha mkaa, akaivuta mivukuto ya kupulizia moto kwa mikono yake, akakishusha kisu kutoka juu, akakivua jani na kukilaza motoni. Nilidhani ataharibu. Nilisahau kwamba alikuwa ameolewa miaka mingi upande wa pili wa ukuta ule, akisikia kila siku baba akiwafundisha watu: bado, bado, chikichi halijaiva, haya sasa. Aliingoja rangi. Alipoiona, akashika koleo kwa mikono miwili, akakizamisha kwenye mawese na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita mtu aje kula, "Wilondja."

Moshi ukapanda, mzito, ukapita juu ya paa, ukaingia mtaani. Mama akaketi palepale kwenye vumbi la mkaa, akanyoosha miguu. Hatukumtuma mtu yeyote. Jirani wa kwanza alikuja ameshika mwiko bado, akatazama, akaelewa, akapiga ukunga. Baba hayupo, na mawese yameungua: kila mtu alijua ni kisu cha nani. Walikuja Wakatoliki, walikuja Waprotestanti, walikuja Waislamu wa huko ufukweni, wanawake wakifungua vilemba kabla hawajafika uani. Na mama alilia. Alilia kilio cha msimu mzima, na mimi nikalia naye, na naapa nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo.

Baba alirudi siku ya tatu, alasiri. Alisikia kilio tokea barabarani. Wanaume waliinuka kumpa mkono wa pole, akawapita. Aliingia kiwandani, akakichukua kisu, akakipitishia tupa kwenye makali. Tupa iliteleza bila kung'ata, ishara kwamba chuma kimekuwa kigumu. Akajaribu mahali pengine, ikateleza tena. Alikuwa ametugeuzia mgongo.

"Imekunywa muzuri, Mama Wilondja," alisema.

Mama, uani, aliinua kichwa. Nadhani alifikiri yamekwisha, kwamba sasa atatoka na kukaa na wenzake. Tukasikia mivukuto. Baba aliwasha moto, akakirudisha kisu mpaka kikawa chekundu, kisha akakizika kwenye majivu ya moto na kukiacha humo kipoe polepole. Chuma kikipoa hivyo hulainika tena, huwa kama hakijawahi kunywa. Kila mtu uani alijua anachokifanya. Kilio kilikatika katikati. Alipotoka, mikono myeupe kwa majivu, aliwaambia watu kwa heshima, "Murudi kwenu, bandugu. Mi siko na musiba."

Wengine waliondoka, wengine walibaki na mama. Tangu siku hiyo tulikuwa na nyumba mbili chini ya paa moja. Mama alinyoa nywele, akakaa siku za matanga, akamwachilia yule binti wa Fizi aolewe na mwingine. Baba hakunyoa. Alikula kiwandani peke yake, na kila kutu ilipotaka kuanza alikishusha kile kisu laini, akakipaka mafuta, akakirudisha. Mama alipona. Ilichukua muda, lakini alirudi kula, akarudi kulala, na siku moja nilimsikia akicheka na jirani kisimani. Baba hakupona. Alizeeka ghafla, na kila lori lililosimama barabarani lilimwinua. Alikufa akingoja, na kisu tulikiacha tulipokimbilia milimani wakati wa vita. Wanangu niliwalea kwa fundisho hilo: ngoja ngoja huumiza matumbo. Anayelia hupona. Niliwaambia bibi yao alikuwa na moyo, na babu yao alikuwa na kiburi tu.

Leo Baraka ni mji wa pikipiki na simu. Visu vinauzwa sokoni vimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, havimjui mtu. Lakini vijana bado wanakwenda kwenye dhahabu, na mjukuu wangu alikwenda huko ng'ambo ya Lulimba mwaka jana. Simu yake iliita, halafu ikaacha kuita. Wenzake wanasema mambo ambayo sitaki kuyaandika. Mama yake, binti yangu, amekonda. Jana alikuja akakaa kwenye mkeka wangu, akasema, "Mama, tukae basi chini, tumulie mutoto." Jibu, kwamba anayelia hupona, nililijua tangu nikiwa na umri wa kubeba maji. Nikafungua kinywa, nikamwambia barabara ya huko ni mbovu kwa sasa, mvua zikiisha atakuja. Aliniangalia kwa chuki ileile niliyomwangalia nayo baba, na mimi nikageuka, nikasikiliza kama kuna pikipiki inayosimama.