Karatasi za Mfukoni

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa hakuwahi kurudisha shati lililokosa kifungo, hata kama hawakumwomba. Mumewe alishafariki, na binti yake aliolewa mbali. Binti alipiga simu Jumapili tu, tena mbiombio. Siku nyingine zote, kilichosema sana chumbani mle kilikuwa cherehani.

Alikuwa na desturi moja. Kila nguo aliyoimaliza aliitia mfukoni karatasi ndogo iliyokunjwa mara mbili, yenye sentensi moja ya mkono wake: "Yesu hajakusahau," au "Mlango wa Mungu haufungwi." Kuyasema hayo kwa mdomo kulimshinda. Siku aliyojaribu kwa jirani, ulimi ulishika kama gundi, akaishia kuuliza bei ya vitunguu. Basi akaziachia karatasi kazi ya kusema, naye akangoja. Alichotaka ni kidogo: mtu mmoja tu arudi amwambie, "Nimeisoma."

Miaka mitatu ikapita. Hakurudi hata mmoja.

Jumanne moja alijiapia kwamba daftari alilokuwa akichana karatasi hizo likiisha, hataandika tena. Mchana huohuo akaingia mwalimu, mteja wake wa siku nyingi, ameshikilia kiuno cha suruali.

"Mama Vifungo, umenipunja! Suruali haifungi."

"Suruali haijapungua, mwalimu. Tumbo ndilo lililopandishwa cheo."

Mwalimu akacheka mpaka akajifuta machozi. Mama Vifungo akaona liwalo na liwe.

"Hivi, hukukuta kitu mfukoni?"

"Kwani uliniwekea hela?"

"Karatasi."

"Wapi! Mfuko ulikuwa mtupu kama vichwa vya darasa langu."

Mwalimu alipoondoka, Mama Vifungo hakuweza kushona. Aliifuata suruali ile kwa mawazo, hatua kwa hatua. Kutoka mikononi mwake ilikwenda chumba cha pili, kwa dobi, ipigwe pasi kabla ya kuchukuliwa. Nguo zote zilipita huko. Akainuka.

Dobi huyo watu walimwita Kimya. Miaka yote hiyo walipokezana nguo dirishani. "Hizi tano." "Haya." Yakaishia hapo.

"Kaka," Mama Vifungo alisema, safari hii akiwa mlangoni, "huwa unatoa vitu mifukoni?"

"Dobi asiyekagua mfuko ataunguza mali ya mtu, dada."

Akaisimamisha pasi, akashusha kopo kutoka rafuni, akalifunua. Lilijaa karatasi zake, zote zimenyooshwa kwa pasi, moja moja.

Miaka mitatu, na hakuna hata moja iliyovuka ukuta huu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ya kwanza nilidhani ni ya mteja, imesahaulika. Ya pili nikaona mwandiko ni uleule, nikajua ni wewe." Dobi aliinamisha kichwa. "Nikasema, huyu dada iko siku ataniambia mwenyewe. Siku haikufika. Na mimi nguo zangu hazichaniki nikuletee, nisingepata karatasi ya kwangu. Nikawa nazizuia. Nisamehe."

Hasira ilimpanda Mama Vifungo. Ikakutana na sahani moja na kikombe kimoja vilivyofunikwa mezani, sawasawa na vilivyokuwa chumbani kwake, ikarudi ilikotoka.

"Kuna hii," dobi akasema, akiichagua moja. "Mlango wa Mungu haufungwi. Hata kwa mtu ambaye hakwenda kumzika mama yake?"

Mama Vifungo aliigeuza karatasi. Nyuma haikuandikwa kitu. Gundi ile ya zamani ikamjia ulimini. Chumbani kwake kulikuwa na nguo za watu zikingoja, na hakuna ambaye angemlaumu akizirudia.

Akavuta kigoda, akaketi.

"Sijui kusema vizuri, kaka. Nitajaribu."

Dobi akachomoa waya wa pasi ukutani.