Mkoromo wa Redio ya Pascasie

Umeme ulipofika Makere watu walishangilia, na Pascasie alishangilia nao. Mwanawe Tharsisi alimfungia taa nyeupe sebuleni, akaleta runinga, akachomeka ukutani chaja ya simu ambayo haikuchomolewa mchana wala usiku. Ila tangu hapo redio ya mama ikaanza kukoroma, tangazo la kwanza hadi la mwisho.

Tharsisi alicheka. "Mama, nani bado anasikiliza masafa ya kati? Dunia imehamia kwenye simu."

Dunia labda, si Nduwayezu. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, kaka huyu wa Pascasie alirudi Burundi. Dada mtu akabaki, kwa kuwa alikwisha kuolewa na Muha wa hapa. Siku ya kuagana Nduwayezu alimwambia, "Simu sina, na siitaki. Likiwapo neno nitalipitisha redioni." Na alilipitisha kweli. Kila Krismasi ilipokaribia, jina la Pascasie lilisomwa kwa Kirundi kwenye salamu za Jumapili mchana, naye alitamba nalo wiki nzima.

Krismasi ya kwanza ya umeme aliambulia mkoromo. Akadhani betri zimechoka, akazianika juani kwenye ungo pamoja na maharage. Fundi wa Kasulu akaifungua redio, akasema ni nzima. Krismasi ya pili aliokota majina mawili matatu ya wengine, lake hakuliokota. Basi kaka amenisusa, akajisemea, na uchungu wa kususwa ukamfanya aache hata kuiwasha.

Jumapili moja ya masika umeme ulikatika. Mkwewe Winnie, kwa kukosa runinga, akaiwasha redio ile. Sauti ikatoka safi.

"Mama, njoo! Kumbe redio haikoromi, inayokoroma ni nyumba!"

Umeme uliporudi, mkoromo ukarudi nao. Wakaanza kumsaka mchawi. Walichomoa runinga, bado. Walichomoa chaja, ukapungua. Walipozima ile taa nyeupe ya bei poa, ukabaki kidogo tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Hata hivyo Pascasie hakutaka kubahatisha: Jumapili iliyofuata aliibeba redio hadi migombani, mbali na nyaya, Winnie nyuma yake, akaigeuza huku na huku mpaka sauti ikajaa.

Mtangazaji akasoma: familia ya marehemu Nduwayezu inawaalika ndugu na marafiki kwenye kuganduka.

Kuganduka ni kuanua matanga, na kwao matanga hayaanuliwi mpaka msiba uzeeke, pengine mwaka mzima. Kifo kilikwisha kutangazwa redioni, mazishi pia, naye Pascasie alikuwapo sebuleni, chini ya taa. Muda wote huo alikuwa amemnunia maiti.

Winnie akanyoosha mkono aizime.

"Iache," Pascasie akasema. "Wenzangu wanaanua. Mimi ndiyo kwanza nakaa."

Akaketi juu ya majani makavu ya migomba, akaanza kulia.